Umefunga heda mpya sasa gari inatika, usikimbilie kushusha injini

Wiki iliyopita kuna jamaa kaniletea Subaru Forester, SG5 ya cc 2000 isiyo na tabo, kafungiwa heda za stenlesi kwa fundi mwingine siku kumi nyuma na tangu siku hiyo gari inapiga tik tik tik akiwasha asubuhi. Ukimwangalia usoni unajua kashaambiwa habari mbaya. Kaambiwa injini inagonga, beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zimekwisha, atafute injini nyingine. Nikamwambia bosi acha gari hapa na funguo, mtu asiiwashe mpaka kesho, mimi naitaka ikiwa baridi kabisa. (Na heda sio hedi jamani, hedi ni kile kifuniko cha silinda za injini, heda ni yale mabomba ya moshi yanayotoka kwenye hedi, maana kuna mtu nilimwambia heda yako ina tatizo akaenda kununua gasketi ya silinda hedi.)

Ngoja kwanza tuelewane hiyo tiki inatoka wapi. Valvu ya moshi ikifunguka, gesi ndani ya silinda bado ina presha, inatoka kwa kishindo, sasa ikikuta kaupenyo kadogo tu pale flenji ya heda inapokaa kwenye hedi inachomokea hapo, tsk, kama mtu anatema mate kupitia meno. Silinda moja inatoa moshi mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo gari ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, ya rpm 700 (mizunguko 700 kwa dakika), silinda inayovuja inakupa tiki 350 kwa dakika, karibu sita kwa sekunde. Shida inakuja hapa, kamshafti (shafti inayofungua valvu) nayo inazunguka nusu ya krenki, kwa hiyo tapeti (kile kinachosukuma valvu) iliyolegea nayo inakupa tiki 350 hizo hizo. Fundi akikwambia nimesikiliza mwendo wake nimejua ni tapeti, huyo anabahatisha. Konrodi ndo iko tofauti, sauti yake nzito, inatoka chini, inafuata krenki yenyewe na ukipandisha rpm inakuwa mbaya zaidi.

Wengi wanasema ikilia baridi ikanyamaza ikipata moto basi ni ekzosi inavuja, chuma kinatanuka kinaziba upenyo. Ni kweli, lakini nusu tu. Tapeti nazo zinalia zaidi asubuhi oili ikiwa haijafika vizuri, na hizi Subaru zina lile tatizo la pistoni kupigapiga ukuta wa silinda ikiwa baridi, nalo linapungua injini ikipata moto. Yaani vitu vitatu vina tabia moja. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilikaa siku mbili na gari ya mtu narekebisha tapeti, nafungua nafunga, na gasketi ya ekzosi ilikuwa imekatika muda wote huo nimeipa mgongo. Sijawahi kumwambia mwenye gari mpaka leo.

Kinachotenganisha ni mzigo. Asubuhi nikawasha, boneti wazi, nikaweka mawe kwenye tairi, hendibreki juu, dogo wa gereji kakanyaga breki mpaka chini, akaweka D akaongeza mafuta kidogo tu, mimi nimesimama ubavuni, sio mbele ya gari, tafadhali. Tiki ikawa kali ghafla, ikawa inachoma sikio. Tapeti haijali mzigo, ingebaki vile vile. Alafu nikachomoa soketi za umeme za nozeli (zinazopuliza petroli kwenye kila silinda) moja moja, ukichomoa silinda hiyo haiwaki kwa hiyo haina presha ya kutema. Silinda namba 3, ya nyuma upande wa dereva, ndo iliyobadilisha sauti. Ila angalieni, ukichomoa nozeli na mlio wa nozeli yenyewe unakufa, na konrodi nayo inapunguza kelele silinda isipowaka, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi, kinakuonyesha tu wapi pa kwenda kuangalia.

Kuthibitisha natumia akili ya fundi pancha. Injini imezimwa, imepoa, nachukua blowa ile ya kupulizia vumbi nabana mdomo wake na tambara kwenye bomba la nyuma, inapuliza hewa kurudi mbele, alafu nanyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio yote. Nikaingia chini na tochi. Flenji ya kushoto kimya. Ya kulia, kwenye kona ya nyuma pembeni ya nati, povu likaanza kutoka dogo dogo, likajikusanya likawa kama kipande cha sufi kinapumua. Na nilipofuta sabuni, pale kwenye alumini ya hedi kulikuwa na masizi yametawanyika kama upepeo wa mkono uliokunjuliwa, ncha yake imeelekea pale pale kwenye upenyo.

Nikafungua nati, spana namba 14, heda ikashuka. Gasketi mbili zimepandana! Moja ya zamani iliyoshakandamizwa na nyingine ya karatasi juu yake, katikati silikoni nyekundu. Silikoni ile inavumilia nyuzi joto 300 na kitu, gesi inayopita hapo ukikanyaga mafuta inazidi 600, kwa hiyo ilishakuwa unga. Nikaweka rula ya chuma kwenye flenji, fila geji (kibati chembamba cha kupimia upenyo) ya milimita 0.3 ikapita katikati bila kugusa. Heda nyingi za bei rahisi zina flenji nyembamba, wakichomelea mabomba inajikunja, na hakuna gasketi itakayokusaidia kama chuma chenyewe kimepinda.

Nikasawazisha kwa tupa mpaka fila ya 0.1 ikagoma, nikakwangua hedi taratibu (alumini hiyo, ukiichimba umeumia), gasketi mpya ya bati nyingi, nati mpya, zote zianze kwa mkono, alafu kukaza kidogo kidogo kwa kupokezana nati hadi nati kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Usikaze kwa hasira, uzi wa stadi (bolti iliyozamishwa kwenye hedi) ukitoka kwenye alumini utatafuta mtu wa kupiga uzi mpya na kazi ya saa mbili inakuwa siku nzima. Alafu washa ipate moto kabisa, zima, ipoe kabisa, kaza tena. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida kwa hiyo ile joto na baridi ya mwanzo lazima ilegeze kitu, na hapo ndo wengi wanapokosea, wanafunga wanakabidhi gari.

Mafuta nayo alikuwa analalamika inakunywa. Upenyo ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, katikati ya kishindo kimoja na kingine bomba linavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli haitoshi inaongeza. Na moshi unaovuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani kupitia matundu ya hewa, na kaboni monoksaidi haina harufu.

Siku mbili baadaye kapiga simu, fundi bado kuna katiki kadogo. Njoo. Nikampa bisibisi ndefu, nikamwambia weka ncha kwenye nozeli, mpini sikioni. Bomba lililokuja na gari lina bati la kuzuia joto na linameza kelele, heda ni bati moja tupu, sasa unasikia vitu vilivyokuwepo siku zote, kama huu mlio wa nozeli. Akapita zote nne, zote zinaongea sawa. Akanirudishia bisibisi akauliza kama yale mabati ya zamani yanaweza kufungwa juu ya heda. Hayakai, mashimo hayalingani.