Vauban, ofisa aliyeteka miji kwa sururu na sepeto

Zamani jeshi lililozingira ngome lilichimba mifereji myembamba kuelekea ukutani. Askari wa ndani wakichomoka ghafla, wachimbaji hawakuwa na wa kuwalinda karibu, wakauawa wakiwa na sepeto mkononi.

Juni 1673, nje ya mji wa Maastricht (leo uko Uholanzi), Sébastien Le Prestre de Vauban, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alifanya vingine. Alichimbisha handaki refu na pana sambamba na ngome, akalijaza askari wenye bunduki. Kutoka hapo mifereji ilisogea mbele kwa kupindapinda, ili tufe la mzinga lisiufagie mfereji mzima. Likafuata handaki la pili, kisha la tatu, karibu kabisa na ngome. Mji ulisalimu amri baada ya siku 13 hivi. Damu ilimwagika hata hivyo: d'Artagnan, yule askari wa riwaya ya The Three Musketeers ambaye kweli aliishi, alifia hapo.

Vauban alizaliwa 1633 Burgundy, katika ukoo wa kikabaila usio na mali. Alianza uanajeshi akiwa muasi, upande wa Mwanamfalme Condé dhidi ya serikali. Alipotekwa 1653, Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa mfalme, akamshawishi ahamie kwa mfalme, na miaka miwili baadaye akawa mhandisi wa Louis XIV. Mwaka 1678 alikabidhiwa ngome zote za ufalme.

Alijenga kama alivyobomoa. Ngome yake ya Lille ina pembe tano zinazochomoza, kila moja ikilinda ubavu wa jirani yake. Aliyefika Fort Jesus, Mombasa, ameona pembe za jamii hiyo, ingawa ile ni kazi ya Mwitalia Cairati, miaka 80 kabla ya Maastricht.

Safari za ukaguzi zilimwonyesha umaskini wa wakulima, na binafsi naona hapo ndipo alipokuwa mkubwa zaidi. Alihesabu kila kitu, hata uzao wa nguruwe jike mmoja kwa miaka 10: akapata zaidi ya milioni 6! Mwaka 1703 alipewa cheo cha Marshali. Kisha akapendekeza kodi moja, isiyozidi sehemu ya kumi ya pato, ilipwe na wote, makabaila wakiwemo. Kitabu chenye pendekezo hilo alikichapisha bila kibali, kikapigwa marufuku mwanzoni mwa 1707. Alifariki Machi 30 mwaka huohuo.