Losheni ya Baada ya Kunyoa: "Asilia" Si Kinga

Wanaotuletea sisi wapimaji wa vipodozi malalamiko ya vipele na muwasho baada ya kunyoa karibu wote huanza hivi: "Lakini ilikuwa ya asilia." Chupa imechorwa majani, basi mtu anaamini amenunua usalama. Linaloli, kemikali inayotoa harufu nzuri, iliyotoka kwenye lavenda na ile ya kiwandani ni molekuli ile ile. Tena mafuta ya mimea hubeba makumi ya kemikali kwa mpigo: karafuu ina yujenoli, mdalasini una sinamali, mchaichai una sitrali, na zote zinaweza kuleta mzio.

Umoja wa Ulaya ulipoamua mwaka 2017 kupiga marufuku viambato vitatu vya manukato katika vipodozi, viwili, atranoli na kloroatranoli, hupatikana katika kuvumwani inayoota kwenye miti ya mwaloni, ambayo ni ya asilia kabisa. Cha tatu ni cha kutengenezwa. Tangu Agosti 2021 bidhaa yenye kimojawapo hairuhusiwi kuuzwa huko. Kanuni zao pia zinataka losheni inayobaki kwenye ngozi itaje kwenye lebo kila kiambato cha mzio kilichoorodheshwa kinachozidi asilimia 0.001. Orodha hiyo ilikuwa na majina 26. Mwaka 2023 iliongezwa ikapita 80. Asiyetimiza masharti hutakiwa kuirekebisha bidhaa, kuiondoa sokoni au kuirudisha kutoka kwa wanunuzi.

Si kila kuchoma ni mzio. Alkoholi kwenye ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe huchoma papo hapo, kisha hutulia. Mzio kwa kawaida hujitokeza baada ya siku moja au mbili, huwasha, na unaweza kuenea hata pale usipopaka. Chupa iliyofunguliwa zamani ina hatari zaidi, kwa kuwa linaloli na limonini, kemikali nyingine ya harufu, zikikutana na hewa hugeuka kuwa vichochezi vikali vya mzio.

Losheni mpya ijaribu kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ikiwasha, acha. Ukienda hospitalini kupimwa mzio, utabandikwa mgongoni viraka vyenye viambato vinavyoshukiwa kwa saa 48. Vikibanduliwa ngozi husomwa, kisha husomwa tena siku ya tatu au ya nne. Usilowanishe mgongo muda wote huo, na mwambie daktari mapema kama unapaka krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), kwani inaweza kuficha majibu.

Ukija kulalamika, njoo na chupa, boksi lake, namba ya bechi, tarehe uliyoifungua na picha za ngozi. Tafadhali usiioshe chupa. Tumeshaletewa chupa safi inayong'aa, na mwenyewe akashangaa tuliposema hatuna cha kupima.

Na maandishi "haina harufu" yasikutulize: wakati mwingine kimeongezwa kiambato cha manukato ili kufunika harufu ya vile vingine. Geuza boksi, usome nyuma.