Land Rover ya zamani nayo hushika kutu

Hapa Tanga watu wengi huamini kwamba Land Rover ya zamani haishiki kutu, hivyo aliyerithi ya babu huifunika turubai uani na kuiacha miaka. Bodi kweli ni ya alumini. Ndivyo zilivyotengenezwa tangu 1948, chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lakini chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na ukuta kati ya injini na dereva ni chuma pia. Chasisi ile ina uwazi ndani. Unyevu wenye chumvi wa baharini huingia humo, hukaa, na kutu hula kutokea ndani huku nje rangi ingali nzima! Gongagonga kwa nyundo ndogo karibu na springi za nyuma: mlio ukiwa butu, pameshaliwa. Alumini nayo huliwa pale inapogusana na chuma, ikatoa unga mweupe.

Turubai la nailoni ndilo baya kabisa, maana hufungia unyevu. Tafuta banda lenye paa linalopitisha upepo. Osha chasisi kwa maji ya bomba, iache ikauke, kisha ipulizie mafuta mazito ndani. Rangi ya bodi ya kiwandani iliyopauka, tafadhali, usiikwangue.