Je, wajua kwa nini wanajeshi huachia madaraka mapema kuliko chama?

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, kuna hoja haiishi: mwenye bunduki hang'oki. Inaingia akilini, maana nani wa kumtoa? Lakini Barbara Geddes, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani, alipozichambua tawala za kiimla za baada ya Vita Kuu ya Pili, alikuta kinyume chake. Alizigawa mafungu matatu: za wanajeshi, za chama kimoja na za mtu mmoja. Za wanajeshi ndizo zilizoanguka mapema zaidi. Za chama zilidumu kuliko zote.

Sababu iko kambini. Ofisa akishindwa na siasa ana pa kurudi: kikosi chake, cheo chake, mshahara wake. Anachokihofia zaidi ni jeshi kupasuka, askari wa kikosi hiki wakaelekezeana mitutu na wa kile. Kwa hiyo majenerali wakishaanza kuvutana, wengi wao huona afadhali wakae mezani na wanasiasa, wakabidhi, warudi kambini. Argentina ilishindwa na Uingereza vita vya visiwa vya Malvinas (Falkland) mwaka 1982, lawama zikawarukia majenerali waliokuwa wakitawala, na 1983 raia wakapiga kura.

Kada wa chama hana kambi. Akiangushwa kwenye kura za maoni atanuna, pengine atasusa vikao, ila akitoka nje amekosa vyote, na akivumilia huenda zamu yake ikafika. Ndiyo maana makundi husemana vibaya mchana na jioni yakakutana kwenye mkutano mmoja. Chama cha PRI kilitawala Mexico tangu 1929 hadi 2000.

Mtu mmoja ni habari nyingine: wapambe huzama naye, hivyo hupigana hadi mwisho. Mobutu alitolewa Zaire kwa vita mwaka 1997.

Na sisi? Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilikuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa 1992. CCM ilifungua mlango yenyewe, kisha ikashinda uchaguzi wa 1995. Kwa maoni yangu haikuwa na cha kuogopa: wapinzani walikuwa ndiyo kwanza wanatafuta chumba cha kupanga wafanye ofisi, ilhali yenyewe ilikuwa na balozi wa nyumba kumi kuanzia Chumbageni hadi Makorora, anayejua nani kahamia na nani kafiwa.