Kikombe cha Arua: yanayosemwa kijiweni kuhusu mwisho wa Amin

Kwenye kijiwe cha kahawa pale Makoroboi, hapa Mwanza, vita vya Kagera hupiganwa upya karibu kila jioni. Mzee mmoja hupanga vikombe vitupu juu ya benchi: hiki Mutukula, hiki Masaka, hiki Kampala. Kikombe cha Kampala kikishapinduliwa, hadithi imekwisha, iletwe kashata.

"Amin katoroka, vita vikaisha." Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini JWTZ, jeshi la Tanzania, walifika mpaka wa Sudan Juni 3. Hata hapo, askari wengi wa nduli hawakuwa wamesalimu amri. Walivuka mpaka wakaingia Sudan na Zaire, wengine na bunduki zao. Oktoba 1980 wakarudi West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakaiteka Koboko, wakaingia Arua.

"Walirudi ili kumweka Amin kitini tena." Wapo waliotaka hivyo. Ila Moses Ali, aliyekuja kuongoza kundi la waasi la UNRF, alikuwa waziri wa fedha wa Amin na walikosana kabla Amin hajaanguka. Kundi la pili, FUNA, lilikuwa la wanajeshi wa zamani, na mwaka 1981 makundi hayo mawili yalipigana yenyewe kwa yenyewe. Kuwaita wote watu wa Amin ni kurahisisha mno.

"Kampala kulikuwa na serikali imara." Wapi! Yusuf Lule, rais wa kwanza baada ya Amin, alikaa madarakani siku 68. Mrithi wake, Godfrey Binaisa, akaondolewa Mei 1980, ikashika Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga hadi uchaguzi wa Desemba.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: "West Nile nzima walikuwa wa Amin, waliyataka wenyewe." Amin alikuwa Mkakwa, na asili ya watu wake ni Koboko, basi watu wakaunganisha nukta. UNLA, jeshi jipya la serikali ya mpito, liliporudi kuikomboa Arua halikuchagua nani alishika bunduki na nani alishika jembe. Nyumba zilichomwa, mali zikaporwa, raia wakauawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia nchi zile zile walikokimbilia askari. Wengi wao hawakuwahi kuvaa gwanda maishani. Uchaguzi nao haukuleta nafuu: Juni 1981, Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, akiwa amesharudi Ikulu, wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliojihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua. Kosa la mtu likawa ni kwao alikozaliwa.

Vijana wa hapa hudhani pia kwamba Mwanza tulivisikia vita redioni tu. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilikuja kuupiga mji huu ikakosa shabaha. Ikapiga kisiwa cha Saanane, hapo mbele ya Capri Point, ikaua swala. Hili mzee hulisimulia kwa kicheko, na sote hucheka.

Juzi nilimwomba aongeze kikombe cha Arua. Aliangalia benchi, vikombe vilikuwa vimefika ukingoni.

"Benchi limeisha, mjukuu wangu," akasema, akakiweka chini vumbini, karibu na ndala zake.