Rangi nne kwenye mlango mmoja: najenga modeli ya Bedford, lori la jeshi lililogeuka boza la maji

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Majengo, Mombasa, alinikuta barazani nasugua modeli kwa mswaki, akasimama, akaangalia, kisha akaniuliza, "Sasa we, rangi umepaka jana kutwa nzima, leo waibandua ya nini?" Nikamgeuzia upande wa mlango, pale mkono wa dereva unaposhika kila siku. Buluu imelika, chini yake kuna kijani kilichokoza, chini ya kijani kuna kijani kingine cha zeituni, na kwenye ncha kabisa kahawia inachungulia. Akavaa miwani, akaweka jicho karibu. "Hii imetoka jeshini hii," akasema mwenyewe, mie sijamwambia neno. Nilifurahi siku nzima, manake ndo kitu ninachokitafuta kwenye kazi hii. Nikaona leo niwaeleze inavofanywa, kwa sababu wengi mnaniuliza kuhusu rangi na mie huwa najibu juu juu tu.

Kwa wageni: mie najenga modeli za magari ya jeshi yaliyouzwa baada ya utumishi yakaingia uraiani, mengi kwa skeli ya 1/35, yaani sentimita 35 za gari la kweli huwa sentimita 1 mezani. Vifaru na mizinga nawaachia wenyewe. Ninachopenda ni lile lori lililokwenda vitani kisha likaishia kubeba magogo, au mchanga, au maji.

Na hili la sasa ni la maji kwa sababu nalijua. Nilipokuwa mtoto Kisauni miaka ya 1970, kulikuwa na mzee tukimwita Ami tu, alikuwa na lori la zamani lenye uso bapa, injini imekaa ndani ya kebini katikati ya dereva na tanboi, ukipanda miguu yaungua. Mabomba yakikauka, lori hilo lasikika kabla halijafika kwenye kona, basi kina mama washatoka na madumu. Miaka mingi baadaye ndo nikaja kuona picha nikatambua, kumbe ni Bedford QL. Bedford walizitengeneza kuanzia 1941 mpaka 1945, zaidi ya 50,000, na ndo lori lao la kwanza la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lilipangiwa mzigo wa tani 3. Ikumbuke hiyo tani 3, nitairudia.

Sasa rangi. Kosa ninaloliona sana, hata kwa mafundi wazuri kunishinda, mtu anajenga lori la kiraia, anapaka buluu, halafu kwenye michubuko anatia rangi ya fedha au kutu moja kwa moja. Hiyo inafaa kwa gari lililotoka kiwandani likiwa buluu. Gari la jeshi lina historia ya rangi na historia hiyo haibanduliwi, manake mnunuzi wa mnadani hana pesa ya kukwangua mpaka chuma, yeye anapaka juu. QL ya 1943 ilitoka kiwandani na kahawia, ile Waingereza waliyoiita S.C.C. 2 kwenye orodha yao ya rangi. Kuanzia 1944 wakaanza kutumia kijani cha zeituni, S.C.C. 15. Vita vikaisha, jeshi likabaki nazo, na baadaye zikapata kijani cheusi cha kung'aa, Deep Bronze Green. Halafu ndo anakuja Ami na mkebe wa buluu na brashi. Brashi, sio spregani! Kiwanda chapuliza, raia apaka kwa mkono, na brashi hupita juu ya bolti, juu ya mpira wa kioo, juu ya kila kitu. Kwa hiyo buluu yangu naipaka nzito kidogo kuliko zile tatu za chini, na kwenye mpira wa kioo cha mbele naiachia ipitilize nusu milimita.

Tena ukifungua mlango, ndani ni jeshi tupu. Hakuna aliyehangaika kupaka nyuma ya kiti, wala chini ya dashibodi, wala upande wa ndani wa bati la injini. Nje buluu, ndani kijani. Kama huna muda wa kufanya michubuko yote ninayoieleza hapa, fanya hilo moja tu, modeli itasema yenyewe.

Namna ya kuitoa rangi kwa safu ni hivi. Napaka kahawia, ikikauka naifunga kwa vanishi, halafu napuliza spre ya nywele, ile ya saluni ya kawaida, mara mbili nyepesi. Juu yake napaka kijani cha maji, yaani akriliki, nasubiri kama nusu saa hivi, kisha nalowesha kwa brashi yenye maji ya uvuguvugu nasugua kwa mswaki mahali ninapotaka. Spre ya nywele huyeyuka kwenye maji, basi kijani kilicho juu yake hubanduka vipande vipande kama rangi ya kweli, na kahawia iliyo chini iko salama kwa sababu ya vanishi. Halafu vanishi tena, spre tena, rangi inayofuata, mpaka ufike buluu. Ni siku nne tano, huwezi kuharakisha. Ila usisugue kila mahali sawa, hapo ndo watu wanaharibu. Mkono wa binadamu hula rangi polepole, kwa hiyo kwenye kitasa zitoke safu zote kama pete, moja ndani ya nyingine. Jiwe la barabarani halina polepole, lapiga na kwenda mpaka kwenye chuma, kwa hiyo chini ya bampa na nyuma ya tairi za mbele ziwe nukta ndogo zenye kutu katikati. Na paa halichubuki sana, lachujuka kwa jua, buluu inakuwa kama imepakwa unga.

Sisi tunaokaa Mombasa kutu tunaijua kuliko mtu yeyote mwenye kusoma kwenye kitabu. Chumvi ya bahari haianzii katikati ya bati, inaanzia pale maji yanapotuama: kwenye mfereji wa paa, chini ya mlango, kwenye mshono wa mabati mawili. Hapo rangi huvimba kwanza kama lengelenge kabla haijapasuka. Lengelenge nalifanya kwa tone la gundi nyeupe iliyotiwa maji, nalidondosha kwa ncha ya sindano kabla ya buluu, na likishapakwa unaliona kabisa limefura. Halafu kuna hii ya Land Rover, naomba niseme kwa sababu nimeiona mara nyingi mno: bodi ya Land Rover za zamani ni aluminiamu, manake baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa kwa mgao. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu! Ukiona Land Rover imepakwa michirizi ya kahawia katikati ya madigadi, fundi hajaangalia gari la kweli. Kutu iko kwenye chesisi, kwenye bawaba, kwenye bolti. Aluminiamu yenyewe huota unga mweupe, hasa pale ilipogusana na chuma na maji ya chumvi yakaingia katikati. Nenda kaangalie moja yoyote iliyochoka hapa mjini, utaona.

Turudi kwa Bedford. Mbali na rangi, ziko alama za jeshi ambazo hubaki bila mtu kukusudia. Kwenye paa la kebini palikuwa na tundu la mviringo, askari alikuwa akisimama hapo kuangalia ndege za adui. Raia hana haja ya tundu, anaziba kwa kipande cha bati na bolti pembezoni, na mvua za masika zavuja palepale. Nimekata duara kwa plastiki ya kikombe cha yoghurt (tafuta zenye namba 6 chini, hiyo ni polistairini, yashika na gundi ya modeli kama kawaida), nikatia bolti za vipande vya waya, na michirizi ya kutu kuanzia kwenye bolti kushuka kiooni. Mbele, pale palipokuwa na duara la manjano lenye namba ya uzito wa kupitia madarajani, nimeacha ukingo wa manjano kidogo tu chini ya buluu.

Na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli! Wakati wa vita Waingereza walipaka difu ya nyuma rangi nyeupe wakaweka taa ndogo chini ya chesisi kuimulika, ili dereva wa nyuma kwenye msafara wa usiku afuate doa jeupe bila taa kubwa kuonekana na ndege. Hakuna raia aliyejisumbua kulala chini ya gari kupaka difu. Kwa hiyo nimeipaka nyeupe, nikaifunika kwa mafuta na vumbi jekundu mpaka imebaki kama jino bovu, lakini ipo.

Namba pleti muwe waangalifu jamani. Herufi ya mwisho, kama ilivyo KAA 001A, ilianza 1989. Mie najenga lori la miaka ya 1970, kwa hiyo ni herufi tatu na tarakimu tatu basi. Tairi pia, nyuma ni moja moja kila upande, sio mbili mbili kama malori ya biashara tuliyozoea.

Sasa tangi, na ile tani 3. Lita moja ya maji safi ni kilo moja, kwa hiyo lori la tani 3 ni lita 3,000 na hapo hujahesabu uzito wa tangi lenyewe. Nimeona watu wanaweka tangi kubwa kama la malori ya siku hizi, lori la kweli lingevunjika springi kabla halijatoka kisimani. Nilipiga hesabu nikapata tangi la duara bapa, upana milimita 43, kimo 29, urefu 73, ambalo kwa gari la kweli ni kama lita 3,000 hivi. Nikachukua bomba la PVC la inchi 1 na robo, nikalichemsha mpaka likalainika, nikalibana katikati ya mbao mbili kwenye jiriwa, nikalimwagia maji baridi likiwa limebanwa. Limekaa vile vile. Ncha nimeziba kwa plastiki ya yoghurt lakini hapo tumia supaglu, gundi ya modeli haishiki PVC hata uilazimishe. Ami alikuwa hapimi, akijaza mpaka mdomoni, lori lilikuwa limelala nyuma daima, kwa hiyo nimesugua springi za nyuma kwa msasa zishuke milimita moja. Na chini ya bilula nimetia weupe juu ya kutu, manake maji ya visima vya huku yana chumvi chumvi, yakikauka yanaacha ukoko.

Wanaouliza waanzie wapi: AEC Matador ni nzuri sana, kampuni ya modeli ya Airfix wanayo ndogo ya 1/76 pamoja na mzinga, na wenzao AFV Club wana ya 1/35. Lilikuwa trekta la kuvuta mizinga, na baada ya vita kampuni za mabasi za Uingereza zililigombea kulifanya brekdauni, kwa sababu injini yake ya dizeli ya lita 7.7 walikuwa nayo tayari kwenye mabasi yao, spea ziko na mafundi wanaijua. Jeepney za Ufilipino zinanivutia, jeep za Wamarekani zilizorefushwa zikabeba abiria, matatu kabisa. Ila ninachokiota ni Shervick. Kampuni ya Vickers ya Uingereza walichukua vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta, jina ni Sherman na Vickers, yakaletwa hapo jirani Tanganyika kung'oa miti kwenye ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukafutwa 1951. Kifaru kinasukuma mbuyu ili zipandwe karanga! Siku nikipata picha za kutosha za kila upande nitaijenga.

Neno moja kuhusu hali ya hewa. Ukitumia rangi ya thina kali wakati wa unyevu, hewa ya huku huingia kwenye rangi na inakauka na ukungu mweupe. Mwaka jana mwezi wa tano niliharibu kebini nzima hivo, ikabidi niioshe nianze upya. Siku hizi kazi kubwa ya kupuliza naifanya kaskazi, Januari na Februari, na vanishi saa nne asubuhi umande ukishakauka.

Imebaki kuandika ubavuni. Kwa Ami paliandikwa MAJI SAFI kwa mkono, na yule mwandishi alianza na M kubwa mno, kufika mwisho nafasi imemwishia, basi F na I zimebanana ukingoni kama watu kwenye feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni. Nina brashi namba 000 na nyeupe iliyochanganywa na tone la manjano. Usiku wa leo, upepo ukitulia, naanza na ile M.