Si nzi anayerushwa, ni mshipi: dhana potofu za wanaoanza uvuvi wa nzi bandia

Siku yangu ya kwanza mtoni na fimbo ya nzi nilivua saa nzima bila ndoana. Sikujua. Kila nilipopeleka mkono mbele nilisikia mlio nyuma ya sikio, "pa!", kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, nami nikaufurahia nikidhani ndivyo wanavyosikika wanaojua. Mzee aliyekuwa akinifundisha alikaa juu ya jiwe akinitazama tu. Alipochoka kutazama aliniambia nikunje mshipi niangalie ncha yake. Nzi hayupo. Huenda mlio wa kwanza tu ndio uliomkata.

Tangu hapo nimewaona wengi wakianza nilivyoanza mimi, na makosa yao mengi yana mzizi mmoja: wanakuja na mazoea ya chubwi.

"Kurusha ni kulekule, chambo tu ndicho chepesi"

Si kulekule. Anayevua kwa chubwi hurusha uzito wa risasi, na risasi ndiyo inayovuta uzi. Nzi bandia ni manyoya, uzi kidogo na ndoana ndogo. Mtupe kwa mkono uone, ataanguka miguuni pako. Kinachorushwa hapa ni mshipi wenyewe, ule mnene uliovikwa plastiki ili uwe na uzito. Mshipi wa namba 5, ambao wengi huanza nao wakitafuta trauti, samaki wa mito ya maji baridi, una takriban gramu 9 katika mita 9 za mwanzo. Gramu hizo ndizo zinazopinda fimbo, na fimbo inapojinyoosha ndiyo inayopeleka kitanzi cha mshipi mbele. Nzi ni abiria.

Ukishalikubali hilo, mengi yanajieleza. Fimbo haiwezi kuvuta mshipi ambao bado umejikunja nyuma yako, kwa hiyo lazima ungoje unyooke kwanza. Ukiwahi, ncha inageuka ghafla na kulia kama mjeledi, na nzi ameondoka. Ukichelewa, mshipi unashuka na kunasa majani. Muda wa kungoja haufanani kila mara: kadiri mshipi ulio hewani unavyokuwa mrefu, ndivyo unavyongoja zaidi. Dawa ni kugeuza shingo na kutazama nyuma. Vitabu hupenda kuhesabu sekunde. Mimi naamini macho.

Na nguvu? Wenye mabega mapana ndio huteseka zaidi. Jione umesimama ubavu kwa ubavu na saa kubwa ya ukutani, kichwa kikiwa kwenye 12. Fimbo inasimama kwenye 1 nyuma, kisha kwenye 10 mbele. Neno la maana hapo ni "inasimama". Mkono unaanza polepole, unaongeza kasi, halafu unakatiza ghafla, kama mtu anayekung'uta maji kwenye brashi. Ni ule mkatizo unaozaa kitanzi. Wengi hawakatizi; wanaendelea kufagia hadi fimbo inagusa majani nyuma yao, kwa sababu kiwiko kimetulia lakini kifundo cha mkono kinalegea. Mzee alinitibu kwa kuchomeka kitako cha fimbo ndani ya mkono wa shati langu na kukifunga kifungo. Kifundo hakikuweza kupinda tena. Ilikuwa inaudhi, na ilifanya kazi ndani ya dakika kumi.

Nguvu ikizidi mbele, ncha ya fimbo huzama chini ya njia yake, mshipi unajivuka wenyewe hewani, na kwenye uzi mwembamba linazaliwa fundo dogo. Wavuvi huliita fundo la upepo. Upepo unasingiziwa. Fundo hilo laweza kupunguza nguvu ya uzi hadi karibu nusu, kwa hiyo pitisha vidole kwenye uzi kila baada ya muda. Ukilihisi, kata ufunge upya, na lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza.

"Arushaye mbali ndiye avuaye"

Hii ndiyo inayowapotezea watu misimu mizima. Katika mto, samaki wengi wanaovuliwa kwa nzi hupatikana kati ya mita 6 na 12. Tena trauti hupenda kukaa karibu na ukingo, mahali ambapo mkondo umepungua nguvu lakini bado unapitisha chakula. Mgeni hufika, hujitosa maji ya magotini na kurusha upande wa pili, huku amesimama palepale alipokuwa samaki wake. Rusha mara chache ukiwa bado nchi kavu, kisha ndipo ufikirie kuingia.

Umbali una hasara nyingine isiyoonekana kwa haraka. Mkondo wa katikati huenda mbio kuliko wa pembeni. Mshipi mrefu ukilala juu ya mikondo miwili, wa kasi unautengenezea tumbo, tumbo linavuta uzi, na nzi anaanza kuburutwa. Mdudu halisi haburutwi. Anaelea na maji yanakokwenda. Samaki anaiona tofauti hiyo hata pale ambapo wewe huioni. Namna ya kuigundua ni kuchagua povu moja dogo karibu na nzi wako na kuyatazama yote mawili. Yakisafiri pamoja, vizuri. Nzi akilipita povu, au akiacha alama ya V majini, ameburutwa. Hapo tumia ncha ya fimbo kuunyanyua mshipi mara tu ukitua na kuupindulia kule mkondo unakotoka, bila kumsogeza nzi. Tendo hilo dogo limenipatia samaki wengi kuliko urushaji wowote mzuri.

Kwa hiyo rafiki akikuonyesha anavyorusha mita 25, mpongeze, kisha mwulize jana alipata wangapi.

Kuhusu nzi wenyewe, wapo wanaoamini kwamba lazima afanane na mdudu hadi mguu wa mwisho. Wanabeba visanduku vitatu na kubadilisha kila dakika tano. Ukubwa ndio wa kwanza, umbo linafuata, rangi inakuja nyuma. Nzi wa saizi sahihi anayeelea vizuri hushinda sanamu kamili inayoburutwa. Na jina lenyewe linapotosha: wengi wa "nzi" hawa si nzi. Wapo wanaoiga panzi, wanaoiga samaki wadogo, na zaidi ya wote wanaoiga wadudu wachanga wanaoishi chini ya maji. Inua jiwe la ukubwa wa kiganja kutoka mahali penye maji yanayokimbia, ligeuze, subiri kidogo. Utaona viumbe bapa wakitambaa kukimbia mwanga, na vijumba vidogo vilivyogundishwa kwa chembe za mchanga, kila kimoja na buu wake ndani. Hicho ndicho chakula cha kila siku cha trauti. Samaki kupanda juu kumnyakua nzi anayeelea ni jambo la kupendeza kutazama, lakini sehemu kubwa ya mlo wake huliwa chini. Usipoona juu ya maji hata mduara mmoja wa samaki aliyepanda, usikae ukimsubiri. Funga nzi mzito wa kuzama.

Hapa kuna mtego wa namba, na hauna mantiki yoyote. Kwenye fimbo na mshipi, namba ikipanda uzito unapanda: 8 ni nzito kuliko 5. Kwenye ndoana ni kinyume: 18 ni ndogo kuliko 12. Na uzi wa ncha, ule mwembamba unaofungwa nzi, hupimwa kwa herufi X, nao pia huenda kinyume: 5X ni takriban milimita 0.15, ilhali 3X ni takriban 0.20. Ukitaka kuvioanisha, gawanya namba ya ndoana kwa 3. Ndoana ya 16 inakupa 5X hivi. Anayefunga nzi mkubwa mzito kwenye uzi wa 6X asishangae wakiachana hewani.

"Nyamaza, samaki watasikia"

Ongea tu. Sauti inayotoka hewani hugonga uso wa maji na sehemu kubwa hurudi juu. Kinachomfikia samaki ni kishindo cha miguu ukingoni na mawe yanayosagana chini ya viatu, kwa sababu ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mitikisiko ya maji. Watu wawili wanaonong'ona huku wakitembea kwa kishindo wamefanya mambo kichwa chini miguu juu.

Macho yake ndiyo ya kuogopa zaidi. Mwanga unapoingia majini hupinda, kwa hiyo samaki huuona ulimwengu wa juu kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alichopo. Aliye sentimita 50 chini ana dirisha la mita 1 na ushee. Vitu vilivyo chini karibu na uso wa maji hubanwa kwenye ukingo wa dirisha hilo hadi karibu havionekani. Ndiyo maana kuinama kunasaidia hata pasipo na kichaka cha kujificha. Tena samaki wa mtoni huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa hiyo mfuate kutoka nyuma, yaani panda na mto badala ya kushuka nao.

Halafu hilo la kuvuta. Nzi anayeelea akimezwa, vijana hukurupuka na kumvuta kutoka kinywani kabla samaki hajafunga mdomo. Mwache ageuke kwenda chini, kisha inua fimbo taratibu. Kwa nzi wa kuzama, usingoje kuhisi lolote: mshipi ukisita tu, inua. Kwa nzi anayeiga samaki mdogo, fimbo isiinuliwe kabisa. Vuta mshipi kwa mkono wa pili.

"Ni mchezo wa matajiri, na ni wa trauti tu." Karibu mwaka 200 BK, mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus aliandika habari za wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufi nyekundu na kuifunga manyoya mawili ya jogoo. Japani kuna tenkara: fimbo, mshipi uliofungwa nchani, nzi, basi, hata rili ya kukunjia mshipi hakuna. Na kule Ushelisheli watu huvua kolekole kwa nzi hao hao bandia, wakiwa wakubwa zaidi. Ukiwa na pesa kidogo, zipeleke kwenye mshipi mzuri na miwani ya polaroidi, ile inayokata mng'ao wa maji. Rili ya trauti wadogo kazi yake kubwa ni kutunza mshipi. Ya baharini ni habari nyingine.

Bado kuna wanaoogopa kubana kwa koleo kijino cha ndoana, kile kinachoizuia kuchomoka, wakidai samaki ataponyoka. Haponyoki mshipi ukikazwa muda wote. Wanaoponyoka ni wale waliolegezewa. Kama unamrudisha majini, ndoana isiyo na kijino hutoka kwa kuigeuza tu. Lowesha mikono kabla ya kumshika, maana mikono mikavu humvua ute unaomkinga na maradhi. Maji ya trauti yakipita nyuzi 20 za Selsiasi, acha kuvua. Atakayerudishwa amechoka mno katika maji yenye oksijeni kidogo anaweza asipone.

Mazoezi yafanyie kwenye majani, ukiwa umefunga kipande cha uzi wa sufi badala ya nzi. Robo saa kila siku inatosha, kwa sababu mkono ukichoka huanza kujifunza makosa. Mtoni vaa kofia na miwani hata kama hakuna jua, na upepo ukitoka upande wa mkono wako wa kurushia, pitisha fimbo juu ya bega la pili. Mimi nililipuuza hilo mara moja, jioni, samaki wakiwa wanaruka na haraka imenijaa. Ndoana iliingia nyuma ya sikio, karibu palepale nilipokuwa nikisikia ule mlio wa kwanza. Haikuwa na kijino. Niliitoa kwa vidole viwili, nikaisuuza, nikaendelea kurusha.